Ndoo ya Boliti Si Ufundi

Kuna picha moja hupita sana kwenye simu zetu. Fundi amesimama kibandani, nyuma yake rafu zimefurika vyuma, miguuni pana ndoo ya rangi iliyojaa boliti, nati, washa, springi na misumari iliyopinda. Chini ya picha mtu ameandika sifa: huyu ndiye fundi wa kweli, hana droo wala lebo, anaingiza mkono tu na kutoa anachotaka. Watu wanaweka mioyo. Mwingine anaongeza, "Hapa ndipo akili ilipo, hao wa YouTube ni maonyesho matupu."

Mimi nimelelewa kando ya ndoo kama hiyo, Magongo, Changamwe, na nataka kusema jambo litakalowaudhi wajomba wengi. Ile ndoo ni uzembe. Tena ni uzembe unaomfaidi mtu mmoja tu, mwenye ndoo. Wengine wote, kuanzia mwanagenzi hadi abiria, ndio wanaolipa.

Banda la Mjomba lilikuwa nyuma ya nyumba, mabati matatu juu na mwarobaini ukifunika palipobaki. Humo alitengeneza breki za matatu, pampu za maji, mageti, cherehani za majirani, chochote kilichofungwa kwa chuma. Ndoo zilikuwa mbili, za lita ishirini, na debe moja. Kila alichofungua kiliingia humo. Kila alichohitaji kilitoka humo, Mungu akipenda.

Ajabu ni kwamba Mjomba hakuwa mtu asiyejua utaratibu. Ujanani alikuwa fita wa kibarua katika kiwanda cha kusafisha mafuta, papo hapo Changamwe, kile kilichoanza kazi mwaka 1963 na kuacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Alipenda kutuhadithia stoo ya huko: kila boliti na namba yake, kila namba na droo yake, na hupewi hata washa bila kuandikiwa karatasi. Alihadithia kwa fahari. Halafu anamaliza chai yake, anainama, anachovya mkono ndooni na kusaka nati nusu saa nzima, mwenye gari amekaa juu ya tairi akitazama saa.

Mtu yule yule, mikono ile ile. Kwa mwajiri, boliti ilistahili kuwa na jina. Kwake mwenyewe haikustahili. Nitarudi hapo.

Ijumaa moja ya likizo, nikiwa na miaka kumi na minne, aliletewa Nissan ya abiria, breki za nyuma zalia. Akazitengeneza, akarudisha magurudumu, akakuta nati mbili za gurudumu hazipo. Adhana ikaita.

"Mwanangu, zitafute mle ndooni uzifunge. Nikirudi msikitini nataka gari hili liwe limeondoka."

Nikatafuta. Nikapata nati mbili za spana ya ishirini na moja, sawa kabisa na zile nyingine: ukubwa ule ule, kutu ile ile. Ya kwanza ikaingia mizunguko miwili, ikagoma. Nikapanda juu ya mkono wa spana, nikaruka. Ikakaza. Ya pili vivyo hivyo. Nikajiona mwanamume.

Dereva alifika Kibarani tu. Akahisi nyuma kunayumba, akasikia mgongano wa chuma, akaegesha. Nati zangu mbili hazikuwapo, stadi moja imekatika, na nati zilizobaki zilifunguka kwa vidole. Abiria wakashuka, wakatukana, wakapanda gari jingine. Hakuna aliyeumia. Hata hivyo mpaka leo nikipita Kibarani tumbo hunicheza.

Mjomba hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alisema tu, "Ufundi ni jicho, mwanangu, na wewe jicho huna. Rudi kwa vitabu vyako."

Nikarudi. Ndiyo maana leo nashika kalamu.

Sasa sikiliza jambo nililolijua miaka mingi baadaye. Stadi za gurudumu za Toyota nyingi na za Nissan nyingi zina unene mmoja, milimita 12. Nati zake mara nyingi huchukua spana moja, ishirini na moja. Tofauti iko kwenye meno, yale mafundi wanayoyaita thredi. Kwa Toyota, kutoka jino hadi jino ni milimita 1.5. Kwa Nissan ni 1.25. Robo ya milimita, basi. Ukiweka nati ya Toyota kwenye stadi ya Nissan itaanza kuingia kama yake, kisha itagoma, na ukiilazimisha itakaza kwa kuyala meno. Kilichokukazia hapo ni uharibifu.

Robo ya milimita, ndani ya shimo lenye kutu, ndani ya ndoo, machoni mwa mtoto wa miaka kumi na minne. Niambie jicho gani lingeiona. Hata jicho la Mjomba lisingeiona. Yeye angeijua kwa kuijaribu kwa vidole, na angejaribu kwa sababu aliwahi kuumia zamani. Alichokiita jicho kilikuwa kumbukumbu ya makosa yake, na hakuwahi kumwandikia mtu yeyote. Makopo mawili, moja limeandikwa TOYOTA na jingine NISSAN, yangetosha. Kalamu ya wino mzito na dakika kumi. Badala yake nilipewa hukumu ya maisha kwamba sina jicho.

Na magurudumu ni mfano mmoja tu. Mafundi wetu huita boliti kwa namba ya spana. "Nletee boliti ya kumi na saba." Lakini boliti ya kawaida ya dukani yenye kichwa cha kumi na saba mara nyingi ni nene milimita 10. Boliti ya gari la Kijapani yenye kichwa hicho hicho mara nyingi ni nene milimita 12. Jina moja, vitu viwili. Ile ya Kijapani yenye unene wa 10 kwa kawaida huchukua spana ya kumi na nne, na meno yake mara nyingi ni membamba, 1.25, wakati ile ya dukani ni 1.5. Changanya na boliti za inchi zilizotoka kwenye Land Rover au Bedford ya zamani: ile ya inchi tano kwa kumi na sita ni milimita 7.94, na mkononi huwezi kuitofautisha na ya 8. Zote hizo zimelala pamoja ndooni, halafu twamwambia kijana atumie jicho.

Kuna pia namba ndogo zilizopigwa kichwani, 8.8, 10.9, 12.9. Hayo si mapambo. Yanaeleza nguvu ya chuma. Kadiri namba inavyopanda ndivyo boliti inavyostahimili kuvutwa. Boliti iliyoshika breki ikitoka na 10.9 kichwani na ikarudishwa isiyo na alama, gari litaondoka vizuri tu. Siku itakapokatika, hakuna atakayeikumbuka ndoo.

Wenye ndoo watasema hayo ni mambo ya wahandisi, sisi twajua kwa mkono. Basi tuwatazame hao wahandisi, kwa sababu nao walikuwa na ndoo yao. Uingereza ya miaka ya 1830 kila karakana ilikata meno yake. Ukinunua mashine kwa fulani, boliti ikikatika lazima urudi kwa fulani, maana nati ya jirani haiingii. Kwa fulani hiyo ilikuwa biashara nzuri. Mwaka 1841 Joseph Whitworth, fundi wa Manchester, alikuwa amekusanya boliti kutoka karakana nyingi, akazipima, akapendekeza kipimo kimoja kwa wote: meno yawe na pembe ya nyuzi 55, na kila unene uwe na idadi yake ya meno kwa inchi. Hakuvumbua boliti. Alipanga zilizokuwapo na kuziandika, na kuanzia hapo boliti ikaanza kuwa mali ya yeyote mwenye kuihitaji.

Wasiopanga walijifunza kwa moto. Februari 1904 mji wa Baltimore, Marekani, uliwaka. Magari ya zimamoto yakaja kutoka miji mingine, Washington ikiwamo, yakafika na mipira yake, na viungio vingi vikakataa kuingia kwenye mabomba ya Baltimore. Meno tofauti. Watu walisimama na maji nyuma yao na moto mbele yao. Majengo zaidi ya 1,500 yaliteketea. Bila shaka hapo pia walikuwapo watu wenye jicho.

Najua majibu ya watetezi wa ndoo kwa sababu nimeyasikia barazani tangu utotoni. La kwanza: hatuna pesa za madroo. Hapa nakubaliana nao nusu. Wale vijana wanaonunua kabati la plastiki lenye vijidroo arobaini kabla hawajamiliki boliti arobaini, kisha wanalipiga picha, hao nao ni wateja wa picha kama wale wa ndoo. Lakini nani kasema droo? Dumu la mafuta ya kupikia la lita tano, likate ubavuni, lilaze rafuni, mdomo utazame nyuma: hiyo droo. Chupa ya jemu, kifuniko chake kipigilie skrubu chini ya rafu, chupa iizungushie hapo: unaona kilichomo bila kufungua, na hewa ya chumvi kutoka kriki ya Port Reitz haiingii. Kopo la siagi. Changamwe kama kuna kitu hatujawahi kukosa ni makopo.

La pili: hatuna wakati. Haya, tupige hesabu. Tuseme fundi anapoteza nusu saa kwa siku akisaka vitu ndooni. Siku sita kwa wiki ni saa tatu. Kwa wiki hamsini ni saa mia moja na hamsini. Ongeza vitu anavyonunua upya kwa sababu hajui kwamba anavyo. Tulipokuja kuzimwaga ndoo za Mjomba tulikuta nipeli za breki kumi na moja, mpya, nyingine bado zimefungwa kwenye gazeti la dukani. Alikuwa akinunua kila mara. Wazee walisema zamani, mali bila daftari hupotea bila habari. Wao walikuwa wakifikiria duka, lakini boliti nayo ni mali, na lebo ndiyo daftari lake.

La tatu husemwa kwa sauti ya chini, na ndilo la kweli: utaratibu ni wa kampuni, utaratibu ni wa mzungu, sisi ni jua kali. Hapa ndipo narudi kwa Mjomba na stoo yake ya kiwandani. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya, nayo ikachangia sana kueneza ulimwenguni jina la sekta isiyo rasmi. Ripoti yenyewe iliwasifu hawa mafundi; ilisema wana tija na ubunifu, na wasisumbuliwe. Lakini jina likabaki, na sisi tukalivaa kama kanzu ya Idi. Isiyo rasmi. Basi hatuandiki, hatupimi, hatupangi, kwa sababu kuandika na kupima na kupanga kulikuwa kazi ya yule aliyetulipa mshahara. Tukitoka kwenye geti lake tunaacha hapo heshima ya kazi pamoja na kofia ngumu.

Hilo ndilo linalonikera. Anayekwambia ndoo ni utamaduni wetu amesahau mengi. Pwani hii watu wamepanga vitu vidogo karne na karne. Fundi wa majahazi ana misumari yake kwa urefu, mshonaji ana vifungo vyake kwa rangi, muuza viungo pale Marikiti hawezi kukuchanganyia iliki na karafuu kisha akuambie tafuta kwa jicho. Hata neno parafujo tulilichukua kwa Wareno, tukalifanya letu, ili kila chuma kiwe na jina lake. Ndoo si urithi wa mababu. Ilianza pale mtu alipoamini kwamba kazi yake mwenyewe haistahili heshima aliyompa mwajiri.

Na ndoo ina siasa yake. Kibanda kisicho na lebo kina mjuzi mmoja. Mwanagenzi anaweza kukaa humo miaka minne, akifagia, akitumwa chai, akishika tochi, na bado asijue kilipo kitu. Mwenye kibanda akisafiri kwenda Kaloleni mazishini, kazi inasimama. "Ile pini iko wapi?" "Subiri nije." Hana haja ya kukuficha ujuzi, umejificha wenyewe chini ya kilo sitini za chuma. Siku kijana anapokwenda kufanya mtihani wa ufundi wa NITA anaulizwa unene na meno, naye anajua "ya kumi na saba" tu. Twamwita mvivu. Sidhani Mjomba alikusudia hivyo. Lakini mfumo hauhitaji nia mbaya ili ufanye kazi yake.

Sasa Mjomba ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, anangojea kupasuliwa. Sukari nayo imemwondolea hisia za vidole. Lile jicho alilosema sina, limekwenda. Ule mkono uliojua, haujui tena. Mwaka huu alichovya mkono ndooni kutafuta nati ya geti la jirani, akauchomoa na damu, hajui amejikata na nini. Akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona Mjomba amekaa chini bila kazi mchana.

Nikamwomba ruhusa, tukazimwaga ndoo. Jumamosi tatu, juu ya turubai, mimi na yeye na mjukuu wake, binti wa miaka kumi na sita anayependa vyuma kama nilivyovipenda mimi. Hatukuanza na makopo arobaini. Tulianza na matano: boliti, nati, washa, skrubu, na la tano tukaliandika SIJUI. Kopo la SIJUI ndilo muhimu kuliko yote, maana bila hilo utalazimisha kitu kikae pasipo pake, na hapo ndoo inazaliwa upya. Kisha boliti tukazigawa kwa unene, halafu kwa meno.

Meno tuliyapima kwa ubao. Mjomba alisema tutafute boliti moja tusiyoitilia shaka kwa kila aina, tuipigilie ubaoni, na chini yake tuandike jina lake. 6. 8. 10 meno manene, 10 meno membamba. 12 ya Toyota, 12 ya Nissan. Nati yoyote isiyojulikana huizungushi garini. Unaizungusha kwenye ubao. Ikiingia kwa vidole mpaka chini, hapo ndipo kwao. Ikigoma, usiirukie. Aliuita ubao wa mashahidi. Wazo lilikuwa lake, lote, na alikuwa nalo kichwani tangu kiwandani. Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza, naye hakuona kwamba kibanda chake kinastahili.

Majina tuliandika mawili mawili: la vipimo na la mtaani. "M10, kumi na saba ya dukani." "M12, kumi na saba ya Mjapani." Asiende kijana dukani akachekwa, wala asiende kwenye mtihani akafeli. Vyote tukavipaka oili kidogo kwa kitambaa, kwa sababu ya kutu, tukavifunika.

Najua mtu atasema nimemwonea mzee mgonjwa. Mimi naona wanaomwonea ni wale wanaoipiga picha ndoo yake na kuisifu, kisha wanakwenda zao. Picha haimsaidii kupata nati. Sifa za "anajua kwa mkono" zina maana mkono ukiwa mzima, na hakuna mkono unaobaki mzima. Kila kibanda Chaani, Mikindani, Magongo, Jomvu, kina mtu mmoja aliyebeba stoo nzima kichwani, na siku atakapozikwa tutagawana ndoo zake na kuziuza kwa kilo kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Hapo boliti ya 10.9 na msumari uliopinda vitapata bei moja.

Kwa hivyo kama una baba, ami, mjomba au jirani mwenye ndoo, nenda Jumamosi na kalamu na makopo matano. Usiende kumfundisha. Mwaga ndoo, shika kimoja kimoja, muulize hiki ni nini, kilitoka wapi, kinaingia wapi. Andika anavyosema. Atalalamika asubuhi yote. Kufikia alasiri atakuwa anakukaripia kwa kuandika vibaya.

Jumamosi ya tatu jioni jirani alikuja na Nissan, nati moja ya gurudumu imeanguka njiani. Mjomba alikuwa kwenye kiti chake, uso ameuelekeza pasipo na mtu. Kabla hajafungua mdomo, mjukuu alikwisha kwenda rafuni, akaleta nati, akaizungusha kwenye ubao, ikashuka hadi chini kwa vidole viwili, akaenda kuifunga.

Mjomba alisikiliza mlio wa spana mpaka ukaisha.

"Huyu mtoto ana jicho," akasema.

"Hapana, Mjomba," nikamwambia. "Amesoma tu."